Kopo Lililotoka Burundi

Dawa ya binti yangu niliitunza kwenye kiberiti kitupu. Juu yake nilikuwa nimechora mwezi, na chini ya mwezi mistari miwili: vidonge viwili, jioni. Ndivyo tulivyofanya akina mama wa kanisa letu pale Masumbwe, maana wengi hawakujua kusoma. Jua ni asubuhi, mwezi ni jioni, mistari ni idadi. Mganga wa zahanati aliniandikia kipimo cha kila mgonjwa, mimi nachora. Walinipa kazi ya kutunza sanduku la dawa kwa sababu nilikuwa nasoma masomo ya jioni, mtu mzima mwenye watoto watano nabanana kwenye dawati la darasa la pili.

Kila nyumba ilitoa debe la mpunga wakati wa mavuno. Tukiuza pamoja tulipata dawa za mwaka mzima, kwa makopo: za presha za wazee, na za kifafa za watoto watano wa kanisa, binti yangu mmojawao. Alikuwa na miaka tisa. Bila dawa alianguka popote, kisimani, jikoni. Mguu wake wa kushoto una kovu la moto mpaka leo.

Sheria yetu ilikuwa moja, na tuliiapia kwa Biblia. Dawa mpya haifunguliwi mpaka Jumapili baada ya ibada, mbele ya wote, kwa sala. Mwenye ufunguo naye asijipendelee.

Mwaka ule bei ikapanda mpaka mpunga wetu wote haukutosha hata makopo ya kifafa peke yake. Mwenye duka la dawa kule Kahama, mzee wa Kihindi aliyetuzoea, alifungua mikono tu. "Mama, mimi mwenyewe nanunua ghali Dar. Nifanyeje?"

Mwenyekiti wetu ndiye aliyeleta wazo. Mume wake alikuwa dereva wa lori, anapakia mzigo Isaka kupeleka Burundi.

"Kule kopo ni nusu ya bei ya Kahama," alisema. "Na mchele wetu wanaugombania."

"Na mpakani je?" nikauliza.

"Atasema ni dawa za kanisa. Si ni kweli? Wewe omba, mayu, usukani muachie mwenyewe."

Wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilinyoosha mkono kama wengine, kwa sababu sikuwa na njia nyingine.

Dereva alipakia mchele wetu, akasema siku kumi. Zikapita kumi, zikapita kumi na tano. Tukasikia njia imefungwa, tukasikia imefunguliwa, kila anayetoka barabarani ana habari yake. Mimi nilikuwa nafungua kiberiti asubuhi na jioni kuhesabu, kama vile vidonge vinaweza kuzaana. Sita. Vinne. Viwili. Jumanne vikaisha. Jumatano mtoto akalala bila dawa. Bakuli likianguka jikoni, mimi nimeshasimama. Nilimkataza kisima, nikamkataza moto, nikamkataza hata kupanda kitandani, alale chini kwenye mkeka.

"Mama, mimi si mgonjwa leo," akaniambia.

Alhamisi mchana lori likapiga honi mbele ya nyumba yangu. Dereva akanikabidhi makopo, vumbi mpaka kwenye kope, akaondoka bila hata kunywa maji. Nikayafungia kwenye sanduku. Nikakaa juu ya sanduku. Jumapili ilikuwa mbali.

Sikungoja. Nilifunga mlango, nikatoa kopo la kifafa, nikang'oa kifuniko. Vidonge vyeupe, vidogo, vile vile. Maandishi yalikuwa ya lugha nyingine, nikajiambia dawa ni dawa. Nikamwita mtoto, nikamwekea viwili mkononi, nikasema, "Bwana, nisamehe, ni kwa ajili yake," naye akameza kwa uji. Sikungoja hata hiyo jioni iliyochorwa.

Moyo haukutulia. Nilipokwenda darasani saa kumi nilibeba lile kopo ndani ya kitenge, nimwulize mwalimu maneno yale yanasemaje. Nililiweka juu ya dawati, kando ya kopo langu la penseli. Na kopo langu la penseli lilikuwa kopo la zamani la dawa ile ile, la Kahama.

Mwalimu akayatazama yote mawili. "Mama, Kifaransa mimi sijui. Lakini namba ni namba. Soma hapa," akagusa lile la Kahama.

"Thelathini," nikasoma.

"Na hapa?" Akagusa la Burundi.

"Mia."

"Mia nini?"

"Miligramu." Nilisikia sauti yangu inatoka mbali. Yeye akaendelea kama ni hesabu ya siku zote: "Basi viwili vya hapa ni sitini. Viwili vya huku je?"

Nilinyakua kopo, nikakimbia na kandambili mkononi.

Mama mkwe alikuwa uani anachambua mchele. "Huyu mtoto mbona amelala tu tangu uondoke? Nimemwita ale, anaitika kama mlevi."

Nilimbeba mgongoni, miaka tisa, miguu yake inanigonga magotini, mpaka zahanati. Shingo ilikuwa imelegea begani kwangu. Mganga aliuliza kwanza, "Umekuja na kopo?" Nilikuwa nalo. Akalisoma, akamfunua mtoto macho, akamhesabia pumzi.

"Ni usingizi wa dawa. Atalala hapa nimwangalie. Nani mwingine amekunywa?"

"Hakuna. Nimeiba mimi peke yangu."

Akanitazama. "Basi kwa wizi wako wengine wanne wako salama. Kaa. Pumzi yake ikibadilika, niite."

Nilikaa nimeweka kiganja kifuani kwake. Nilimwambia Mungu nitakiri. Sikumwambia "ukimponya". Nilisema tu nitakiri, basi.

Ijumaa asubuhi alifumbua macho, akaomba kiporo cha wali.

Jumapili, baada ya ibada, niliweka makopo mezani, nikaweka na ufunguo. Nikasema yote. Bibi mmoja wa presha, mwenye mdomo mkali, akasema, "Kumbe mlinzi wa ghala ndiye panya!" Wachache walicheka. Mama wa mtoto mwingine wa kifafa hakucheka. Alikuwa amemshika mwanae mkono kwa nguvu.

"Mimi ningempa viwili," alisema. "Leo hii. Ningempa."

Mwenyekiti alichukua ufunguo, macho chini, maana wazo lilikuwa lake. "Ufunguo tunampa mwingine. Kuchora utachora wewe."

Mganga alikuwa amekuja na wembe safi, akatuonyesha kukata. Kwa watoto wetu, nusu.

"Nusu?" bibi yule akang'aka. "Tumetoa debe zima!"

Nikachukua viberiti vipya. Nusu nilikuwa sijawahi kuichora. Nikaweka mwezi, na chini yake mstari mfupi kama kucha. Nikamweleza kila mama, nikamwambia anirudishie maneno yangu mwenyewe, mara mbili, wengine wakaniona nasumbua. Nikavimaliza vya wale wanne. Cha binti yangu nilikichora cha mwisho, nikajirudishia maneno yale mwenyewe, mara mbili.