Jiko la Ndani

Nyumba yetu kijijini Mwamkulu ilikaa imekwisha kujengwa, ina bati, ina milango ya mninga, na sisi tukaendelea kulala kwenye kibanda cha nyasi kilichokuwa kinavuja pembeni yake. Wapita njia walisimama kushangaa. Wengine waliuliza kama nyumba ina mashetani. Niliwajibu kwamba nyumba ina mwenyewe na mwenyewe yuko safarini, na aliyetaka kuuliza zaidi nilimwonyesha barabara. Nilikuwa msichana mwenye ulimi. Hilo hata leo halijaniisha.

Mwenyewe alikuwa mama. Aliondoka masika, siku ukuta wa jiko letu la nje ulipoanguka na kuzika sufuria, vyungu na ugali wa jioni. Baba alikuwa Msukuma aliyehamia Mpanda na ng'ombe wa ukoo wake, na kwa mtu wa ng'ombe kibanda kikivuja unaongeza nyasi, maisha yanaendelea. Mama alikuwa Mbende wa Ikola, kule ziwani. Alisimama kwenye mvua, matope mpaka magotini, akasema mbele yetu sote na mbele ya shangazi, dada yake baba: "Mimi nimechoka kupika kama niko safarini. Nikirudi hapa, nitarudi kwenye nyumba." Kesho yake akambeba mdogo wetu wa mwisho mgongoni, akapanda lori la dagaa lililokuwa linarudi ziwani tupu, akaenda kwao. Sisi wengine tukabaki na baba.

Nyumba aliyoitaka tuliijua wote. Alikuwa ameshatuchorea mara nyingi kwa kijiti kwenye majivu, akisubiri maharage yaive. Sebule hapa, vyumba huku, na jiko ndani, chini ya bati lile lile, lenye dirisha la kumwonyesha nani anakuja kutoka barabarani. Majirani walimcheka. Jiko ndani? Nyumba nzima si itakuwa nyeusi tii? Alisema afadhali nyumba nyeusi kuliko kukimbia na chungu kila mvua ikinyesha, na tena akipika anataka awasikie watoto wake wanavyogombana ndani.

Matope yalipokauka tu tukamwona baba anachimba udongo kule bondeni, peke yake, na ng'ombe amewaachia wengine wachunge. Hapo nikajua. Mtu yule hakuwahi kuwaachia watu wengine ng'ombe wake hata akiwa na homa.

Tulifyatua tofali kiangazi kizima. Tulizipanga tanuru, tukalikandika udongo, tukachoma kwa magogo ya msituni, na kijiji kizima kikanusa moshi wetu. Mimi nilipika, nikateka maji, nikawanyamazisha wadogo zangu walioanza kumlilia mama kila jua likizama. Na mimi nilimlilia, ila nilikwenda kulilia kisimani ambako kila mtu ana uso wenye maji. Nilitamani hata kelele zake. Nilitamani anigombeze kwamba mchicha umejaa mchanga.

Fundi alitoka mjini, mtu wa utani mwingi. Baba alipomwonyesha jiko litakapokaa, fundi akakuna kichwa. "Mzee, jiko ndani. Na ng'ombe je, nao tuwawekee chumba?"

"Jenga," baba akasema.

Ilipofika zamu ya dirisha la jikoni, baba aliniita. Alitaka lile dirisha liwe usawa wa macho ya mama, na mama hakuwepo wa kupimwa. Akanisimamisha ukutani, akanitazama, akatikisa kichwa. Akaleta tofali moja. "Panda." Nikapanda. Akatazama tena, akaniambia nisimame vizuri, mama yako hapindi mgongo. Fundi akaweka alama ya mkaa mbele ya macho yangu. Nilikaa pale juu ya tofali natazama barabara ambayo mama angekuwa anaitazama, nikasahau kushuka. Baba aliniona. Akanishusha kwa mkono kama naweza kuvunjika, akaenda zake kuchanganya udongo uliokuwa umeshachanganywa.

Bati zilikuja na treni kutoka Tabora, tukazichukua stesheni kwa mkokoteni wa ng'ombe, zikipiga makelele njia nzima mpaka watoto wa watu wakatufuata. Zilipopigiliwa, nyumba ikawaka juani. Nilidhani itaonekana mpaka Ikola.

Mvua za kwanza zilimkuta fundi akimalizia sakafu. Manyunyu yakaanza, naye akaona aingie jikoni na mafiga yake matatu achemshe chai. Baba alimtoa nje na birika lake, maji yakimwagika. Sijawahi kumwona amekasirika vile kwa ajili ya chai. Kwa ukoo wa baba, moto wa kwanza kwenye nyumba mpya unawashwa na mwanamke mwenye nyumba, na kabla hajauwasha hakuna anayepika humo wala kulala humo. "Mwenye moto bado hajafika," baba akamwambia. Fundi akanywea chai yake chini ya mti, analalamika kwamba amejenga nyumba ambayo hata mjenzi hapewi nafasi ya kukaa kavu.

Basi tukasubiri mwenye moto. Baba alimtuma dereva wa lori la dagaa amwambie mama: nyumba imekwisha. Maneno hayo tu. Dereva alirudi na gunia la dagaa na jibu: "Amesema amesikia."

Amesikia! Nililifikiria neno lile mpaka likapoteza maana. Nilifagia nyumba tupu kila asubuhi, kwa sababu mtu aliyesikia anaweza kutokea saa yoyote. Kila lori likipunguza mwendo, wadogo zangu walitoka mbio. Yalikuwa yanapunguza mwendo kwa ajili ya shimo.

Shangazi alimwambia baba aende. Baba akamjibu kwamba mama mwenyewe alisema mbele ya watu: nikirudi nitarudi kwenye nyumba. Nyumba ndiyo ile. Amefanya aliloambiwa, sasa aende kumwambia nini kingine? Kwa baba, neno likishatamkwa limekaa pale lilipowekwa, kama jiwe. Sikumwelewa, lakini nilikuwa mtoto wake, na mtoto hamwambii baba yake kwamba kichwa chako kigumu. Niliyasema hayo kwa ndama.

Wakati sisi tunasubiri, mchwa hawakusubiri. Nyumba isiyo na moto haina moshi, na nyumba isiyo na moshi mchwa wanaijua. Walipandisha njia zao za udongo ukutani, taratibu, kuelekea kwenye mbao za paa. Baba alizikwangua asubuhi kwa panga. Keshokutwa ziko pale pale. Akamwaga majivu, akamwaga mafuta machafu ya gari. Mvua ilipokolea ikawa hatari, kwa sababu kule juu tulianza kusikia unga wa mbao ukidondoka. Na kibanda chetu nacho kilivuja mpaka wadogo zangu wakaanza kukohoa. Nyumba kavu ipo, watoto wanalala kwenye maji. Nilikuwa na hasira na baba, nikawa na hasira na mama, nikawa na hasira na yule dereva na gunia lake.

Asubuhi moja baba alitoka ndani ya nyumba na panga lenye udongo wa mchwa. Akasimama mbele yangu. Alikuwa akiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, lakini siku ile alilisema taratibu.

"Mayu. Kawashe."

Nilimuuliza kuwasha nini, na nilijua. Wadogo zangu walifurahi, wakabeba mikeka. Mimi nilichukua kaa la moto kwenye kigae kutoka kibandani, nikaingia nalo kwenye lile jiko, nikapiga magoti nikapuliza. Moshi ukapanda kwenye bati jipya. Watu wamewahi kuniuliza kama najuta. Sijuti. Watoto walikuwa wanakohoa. Lakini nililia pale mafigani kama mtu aliyefiwa, kwa sababu nilijua tumeacha kusubiri, na hakuna mtu aliyekuwa amelisema hilo kwa mdomo.

Barabara ilipokauka niliomba ruhusa nikaenda Ikola. Mama nilimkuta mchangani anageuza dagaa. Alinikumbatia na mikono yake yenye magamba, akanisukuma nyuma anitazame, akasema nimerefuka. Jioni akaanza kuuliza. Sebule ikoje? Vyumba vingapi? Milango ya mbao gani? Dirisha la jikoni, linaonyesha barabara? Nikamweleza habari ya tofali, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Nikaona nimpate hapo hapo.

"Sasa mama, mbona huji?"

"Nije na nani? Baba yako amekuja?"

Akaniambia kitu ambacho kila mtoto wa Ikola anakijua na mimi nilikuwa sikijui. Kwao mwanamke aliyeondoka kwa hasira hufuatwa. Mume huja na mzee mmoja, huketi mkekani, wakwe humsema mpaka masikio yamchoke, halafu humpa samaki ale, na asubuhi anaondoka na mke wake. Asipofuatwa, akirudi mwenyewe, ni kama mzigo ulioshushwa na lori. Alikuwa amemsubiri baba tangu dereva alipoleta habari. Alikuwa ameshawaambia wazee wasimseme sana.

Nikamwambia baba anasubiri, na kwamba hakuna aliyelala kwenye nyumba ile masika karibu yote. Akaokota kapi moja moja kwenye ungo wa mchele.

"Na moto? Nani amewasha?"

"Mimi, mama. Mchwa walikuwa..."

"Hapana, umefanya vizuri." Akanishika shavu. "Nyumba lazima iwe na mtu." Akaendelea kuchambua mchele, na hakuuliza tena habari za nyumba.

Niliporudi nilimweleza baba yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atakwenda tukishavuna. Tulipovuna, majani yalikuwa yamekauka, ng'ombe wakatakiwa kupelekwa kwenye malisho ya Mamba, akaenda nao. Aliporudi zilikuwa mvua, lori hazipiti. Mwaka uliofuata alisema hivyo hivyo. Nadhani alikuwa anaona aibu, na kila mwaka aibu ilikuwa nzito kuliko mwaka uliopita. Mama alitutumia dagaa kwa kila lori. Wadogo zangu walikwenda kwake likizo na kurudi wanene. Mimi nilipika kwenye jiko lake, nikitazama barabara kupitia dirisha la kimo chake, mpaka siku moja nikagundua sihitaji tena kunyoosha shingo.

Alikuja nilipokuwa naolewa. Siku hiyo niliamka mapema na jiko sikuliwasha. Nilipanga kuni kwenye mafiga, nikaweka kiberiti juu, nikamkataza kila mtu asikiguse. Shangazi aligomba kwamba wageni watakosa chai. Nikamwambia wakose.

Nilimwona kwa dirisha akishuka kwenye lori, mgongo umenyooka kama baba alivyosema. Baba alikwenda kumpokea mzigo. Walisalimiana kwa heshima, kama watu waliokutana stesheni. Akafika mlangoni, mlango wake wa mninga, akasimama.

"Hodi humu."

Nilitaka kumwambia usipige hodi mama, pita. Kilichonitoka ni "Karibu." Akaingia, akaketi ukingoni mwa kiti cha sebuleni, mkoba mapajani. Akatazama bati, kuta, milango. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na kuni zilionekana kutoka pale alipokaa, na kiberiti juu yake. Alizitazama muda mrefu. Nami nikasimama, nikimsubiri ainuke.

"Umeitunza vizuri nyumba yako," akasema. Halafu akaniomba, kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka kusumbua, maji ya kunywa.