Bamba la Mionzi

Usiku ule nililala na shati la kazini, mabega yakiniuma kwa kupinda bamba. Mwalimu Salome, aliyenifundisha fizikia tangu sekondari, alikuwa ameshazikwa. Saratani ya koo ilimwondoa, na kabla haijamwondoa, mionzi ya gama iliyokusudiwa uvimbe ilimchoma shingo nzima. Ndiyo maana mimi na mwenzangu Rehema tulilitengeneza bamba lile: matabaka ya metali nzito na ya silikoni, membamba kuliko ganda la kitunguu, yaliyopandanishwa na kupindwa ili yaikusanye mionzi pale penye ugonjwa tu. Asubuhi tungelijaribu.

Mwalimu akaja. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya maabara, mchana mweupe, ngozi ya shingo ikining'inia, akalinyakua bamba na kunipiga nalo usoni. Nilisikia pua ikivunjika.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, damu imenijaa mdomoni.

Alinikamata kisogo, akanigandamiza kichwa mezani mpaka jicho langu likagusa ukingo wa bamba. Mara nimo ndani ya bamba. Ni korido nyembamba zilizojipinda, na mionzi inapita ikivuma. Inauparaza ukuta, inageuka kidogo, inauparaza tena, inageuka. Halafu mbele yangu matabaka yanaachana. Ufa unapasuka, mionzi inauvamia, inatoka nje ovyo, na huko nje yupo Rehema. Inampiga kifuani. Anaungua akiwa wima, anaita jina langu, meno yake yanaonekana kupitia shavu. Naupiga ukuta ngumi mpaka mifupa inatokeza. Simfikii.

Mwalimu ananikaba koo kutoka nyuma. Vidole vyake ni vya moto.

"Mmelipinda kwa pupa," ananinong'oneza. "Mwale haulazimishwi, mwanangu. Unasindikizwa."

Nikaamka nikikohoa. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na Rehema hupenda kuwahi kazini. Nikampigia simu.

"Usifungue chanzo cha mionzi!"

"Kuna nini, kaka? Nimeshavaa kinga, ndiyo naingia."

"Litazame bamba kwanza. Kwa hadubini. Ukingoni."

Nikasikia kiti kikiburutwa. Kisha pumzi yake.

"Matabaka yamebanduka," akasema taratibu. "Kaka, nani kakwambia?"

"Mwalimu Salome. Anasema tulipinde upya, polepole."