Alikokuwa Akila Athumani

Nakumbuka jioni moja ya mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, mwanangu, nilipofunua kawa nikamkuta samaki wa kupaka yu vile vile nilivyomtenga. Tui limeganda juu yake na hakuna kidole kilichomgusa. Mume wangu, Athumani, alikuwa amekwisha kunawa mikono akatoka kwenda msikitini, na neno aliloniachia lilikuwa lile lile la siku zote: "Nimeshiba, Rukia. Alhamdulillahi."

Ameshibia wapi? Swali hilo lilikaribia kunivunjia nyumba. Nakusimulia leo kwa sababu ninyi vijana mnaishi zama ambazo chakula chaletwa mlangoni kwa bodaboda mtu hata hajaiweka simu chini. Sikulaumu kwa hilo. Mimi mwenyewe mjukuu wangu huniagizia pizza, na jibini ikivutika kama ubani wa kutafuna nacheka peke yangu. Lakini sahani ya nje na sahani ya nyumbani zikianza kutazamana kwa jicho baya, yataka mtu atulie.

Mimi nililelewa Malindi, katika nyumba ambayo msichana alipimwa kwa mkono wake wa mekoni. Kabla sijaolewa, shangazi zangu walinipeleka kwenye arusi za watu nikaonje pilau kama chumvi imekaa. Athumani yeye ni mtu wa Ganda, mtoto wa wakulima, aliyekulia kwa sima na mboga za shambani. Alikuwa fundi wa friji, akizunguka mahoteli ya hapa mjini. Aliponioa, nilijiambia kwamba huyu nitamwonyesha chakula ni kitu gani.

Nami nikamwonyesha. Leo biriani, kesho mchuzi wa papa, keshokutwa kamba wa nazi. Nikishatenga, nilirudi nyuma ya pazia la mekoni, nikatoa jicho moja, nikautazama uso wake anapotia tonge la kwanza. Akitikisa kichwa kwa raha, mimi nilikuwa nimeshiba bila kula.

Miezi ya mwanzo alikitikisa kweli. Kisha akaanza kula kidogo. Kisha akawa anachokoachokoa tu. Nilidhani ulimi wake umechoka, basi nikazidisha pilipili, nikakamua ndimu, nikaongeza ukwaju. Kadiri nilivyozidisha ndivyo sahani ilivyorudi imejaa. Naye akawa anakonda, nguo zinampwaya.

Ndipo jirani yangu Zuhura alipokuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akasimama mlangoni, nazi mkononi, akaniambia, "Mwenzangu, mimi si mtu wa maneno. Lakini mumeo namwona kila jioni kwa yule mama wa bara, kule nyuma ya soko. Anapakuliwa kwa mikono miwili, kama mfalme."

Mwanangu, moto ulinishika kuanzia nyayo. Sikumwuliza huyo mama ni wa umri gani wala anauza nini. Nilijitupia buibui, nikaenda mbio hadi mtaa wa Shela kwa shangazi yangu mkubwa, Bi Mwanakombo, kumchukua tukamvae huyo mwanamke pamoja. Nilimkuta akikanda unga wa mahamri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekunja uso kama uliyelamba shubiri?"

Nikamweleza yote huku nalia. Hakuacha kukanda. Nilipomaliza akauliza, "Athumani mwenyewe umemwuliza?"

"Nimwulize nini, shangazi? Dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu mangapi yamepita juu ya Malindi hii bila kudondosha tone? Nijibu jingine. Tangu uolewe, wewe na mumeo mmeketi lini mkala sahani moja?"

Nilitafuta siku moja, sikuipata. Nilikula mekoni, baada yake, kila siku ya Mungu.

"Basi wewe humlishi mumeo," akasema. "Wamtahini. Wapika usifiwe. Mtu akila huku akitazamwa, hata asali humkwama kooni." Akakung'uta unga mikononi, akaniangalia usoni. "Nenda kwa huyo mwanamke, uketi, ule. Usiende na maneno, nenda na njaa. Ukishaona kwa macho yako, ndipo uje nivae buibui langu."

Nilikasirika, sikufichi. Nilikuja kutafuta shahidi, nikapewa hakimu. Lakini neno la mkubwa halitupwi njiani, na kesho yake alasiri nilikwenda.

Palikuwa kibanda cha mabati, benchi mbili, meza yenye kitambaa cha plastiki kilichofutwa kikang'aa. Na mwenye kibanda, mwanangu, hakuwa bibi kizee kama nilivyoomba njia nzima. Alikuwa kijana kama mimi, mrefu, mtoto amembeba mgongoni, na alipocheka alionyesha ule mwanya wa meno ambao sisi watu wa pwani twauhesabu uzuri.

"Karibu mama, kaa tu hapo," akasema. "Kuna githeri ya mahindi na maharagwe, kuna mukimo ya viazi vya kuponda, kuna ndizi na viazi za kuchemsha."

"Nipe ndizi na viazi," nikasema.

Akaniletea. Nikaonja. Hapakuwa na nazi wala ndimu wala bizari. Chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Nikatafuna taratibu, na kila nilipotafuna nilizidi kuumia, kwa maana nilijiambia: kama hiki ndicho kilichomshinda samaki wangu, basi si chakula kinachomleta hapa. Ni mpishi.

Hapo Athumani akaingia, mkoba wa vyuma vya kazi begani. Hakuniona kwanza. Yule mwanamke hakumwuliza atakula nini. Alipakua ndizi, akaziponda, akamwekea mbele yake kwa mikono miwili, kama alivyosema Zuhura. Nilikohoa.

"Rukia!" Athumani aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Mwanamke akatutazama, huyu kisha huyu. Kisha akapiga makofi, mtoto akashtuka mgongoni. "Rukia? Wewe ndiye Rukia wa samaki wa kupaka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu mzee ananisumbuanga kila siku!" akasema, mkono kiunoni. "Nikimwekea chakula ananiambia, 'Wanjiru, ungejua mke wangu anavyopika, ungefunga hii hoteli yako uende nyumbani.' Wali wa nazi wa Rukia, kamba wa Rukia, mpaka wateja wangu wanataka kuja kwako! Mimi namwambia, si basi uende ukule kwenu? Anasema ati tumbo imekataa." Akamgeukia Athumani. "Kwani hujamwambia?"

Athumani aliangalia meza. Kisha akanieleza, polepole. Tumbo lilikuwa likimwaka moto kwa miezi, akiamka usiku amejikunja. Alikwenda hospitali akaambiwa ana vidonda vya tumbo, aache pilipili na ukwaju na ndimu na vyakula vizito mpaka vipone.

"Vyapona?" Hilo ndilo neno la kwanza nililoweza kulitoa.

"Vyapona. Daktari amesema vyapona vizuri, nikijilinda. Hata sasa naona nafuu."

"Na mimi mkeo mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Rukia? Ile siku moja niliyosema pilipili imezidi kidogo, ulilia mpaka macho yakavimba. Na kila ukinitengea nakuona nyuma ya pazia, unangoja. Nilichelea kukuvunja moyo. Nikasema nijitibu kimyakimya, nikipona nirudi kwenye sahani yako, usijue lolote."

Mwanangu, nitakuelezaje raha iliyonishukia pale kwenye benchi? Hakuna mwanamke mwingine. Hakuna maradhi ya kuniacha mjane. Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na Wanjiru akanipa maji kikombeni akisema, "Pole mama, kunywa, kunywa." Athumani naye alikuwa akicheka huku anajipangusa macho kwa mkono wa shati, kwa maana siri ni mzigo, naye alikuwa ameibeba kwa tumbo bovu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia.

"Na mpika pilipili je?" akanijibu, tukacheka upya.

Kisha akaisogeza sahani yake katikati. Tukala pamoja, mkono wake na wangu, mara ya kwanza tangu kadhi atuozeshe. Na zile ndizi ambazo punde tu nilikuwa nazidharau, Wallahi, zilikuwa tamu. Mchele mmoja mapishi mbalimbali, wasema wahenga. Mimi naongeza kwamba hata pishi moja lina ladha mbili, ya mwenye hofu na ya mwenye moyo uliotulia.

Nilirudi kwa Wanjiru siku zilizofuata, safari hii kujifunza. Alinifundisha mchuzi mwepesi usiochokoza tumbo, nami nikamwonyesha kupika zile ndizi kwa tui la mwisho, lile jepesi, ambalo Athumani alilivumilia. Wateja wake wakalipenda. Baadaye alihamia Kilifi, akafungua kibanda karibu na ufuo wa Bofa, anawalisha wafanyakazi wa mahoteli, na mpaka leo arusi za watoto wetu hatukosani. Zuhura nilimpelekea bakuli la ndizi hizo. Alikula akitazama chini, akaniambia zina ladha, na hatukulizungumza tena lile jambo. Shangazi nilipomsimulia, alisema tu, "Nilikuwa nishalipiga pasi buibui," akaendelea kuchambua mchele.

Athumani alipona. Haikuwa kwa siku moja, na pilipili hatukuirudisha kama zamani, lakini mwili ulimrudi na uso ukajaa. Sasa ni mzee mwenye kitambi, na tukitoka kwenda kula Watamu, yeye huagiza samaki kisha akaninong'oneza, "Wamejitahidi." Hajasema neno kubwa kuliko hilo kwa hoteli yoyote.

Basi mwanangu, sikukatazi kula nje. Kula viazi karai vya barabarani, kula kwenye vitambaa vyeupe ukijaliwa, agiza kwa simu siku umechoka. Nyumba haivunjwi na chakula cha hoteli. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata: mwenzako akikataa chakula chako, mwulize yeye kabla hujamsikiliza jirani, na umwulize kwa namna ambayo jibu halitamgharimu machozi yako. Pika kwa ajili ya anayekula, si kwa ajili ya jina lako. Keti naye, hata kama ni chai na mkate mkavu, kwa maana mengi ambayo mtu hawezi kuyasema akitazamwa huyasema akiwa anatafuna. Na wewe unayelishwa, ukiumwa sema. Mapenzi yanayoficha maumivu humtia mwenzio gizani, na gizani kila mtu huona majini.

Mola akujaalie riziki ya halali na afya ya kuila. Akupe mwenzi utakayemwambia "hili laniuma" bila kutetemeka, naye akusikilize bila kukasirika. Awape watoto wa kugombania ukoko, na wageni wanaoaga huku wakiulizia siku ya kurudi. Amina, mwanangu. Amina.