Maneno ya Darasa la Nne

Shule ilipofunguliwa tena, mwishoni mwa 1994, mwalimu mkuu aliniita akaniambia nichague maneno ya Kiingereza ya kufundishia darasa la nne. Vitabu vya zamani vilikuwa vya Kifaransa, na vingi vilishatumika kuwashia moto wa kupikia pamoja na madawati. Mimi nilikuwa mgeni Kigali. Nilizaliwa Tanzania kwa wazazi wakimbizi, nikasomea ualimu huko, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama yangu mzazi.

"Chagua mia mbili," alisema. "Yawe rahisi. Mama atakusaidia."

Yule tuliyekuwa tukimwita Mama alikuwa mwalimu aliyefundisha pale miaka mingi, kwa Kifaransa. Kati ya walimu wa zamani alibaki yeye peke yake. Hakujua Kiingereza, nami sikujua Kifaransa, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, changu cha shule ya Tanzania na chake cha sokoni Nyabugogo.

Tulikaa katika chumba ambacho dirisha lake lilizibwa kwa turubai. Chuoni nilifundishwa kwamba mtoto aanze na vitu anavyoviona nyumbani kila siku. Nikaanza na baba, mama, kaka, dada, babu, bibi.

"Hii iko maneno ya nini?" aliuliza.

"Ya jamaa, Mama. Ndiyo huanza popote."

"Utauliza mtoto, baba yako iko wapi. Yeye atakujibu nini?"

Nikayafuta. Nikaja kwenye wanyama, na mbwa akawa wa kwanza.

"Mbwa hapana," alisema.

Sikumuuliza sababu. Tangu nifike nilikuwa nikisikia askari wakiwapiga mbwa risasi mabondeni, na nilikuwa nimeambiwa mbwa hao walikuwa wamekula nini. Vifaa vya shamba navyo tuliviruka, isipokuwa jembe. Nikafikia sehemu za nyumba: mlango, dirisha, ukuta, dari.

"Dari iko nini?"

Nilimwonyesha kwa kidole juu, mbao zilizokuwa zimetoboka.

Akazitazama. "Mimi nilikaa huko juu," alisema. "Kule Gatsata, kwa jirani. Tulipanda wawili, mimi na mtoto yangu wa mwisho. Nilishuka peke yangu." Kisha akainama tena juu ya karatasi. "Neno ingine?"

Nilitoka nje nikasimama ukutani kwa muda. Niliporudi, alikuwa ameshapanga matunda na rangi, akinisubiri nimpe Kiingereza cha maneno hayo.

Wiki iliyofuata tuliingia darasani. Watoto walikaa juu ya matofali. Wachache, waliorudi kutoka Uganda, walijua Kiingereza zaidi ya tulichopanga, wakawa wanachoka. Wengine walirudia kila neno kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka: ndizi, embe, njano, kijani. Mimi nilitamka, Mama akaeleza kwa Kinyarwanda.

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Alikuwa na kovu lililoanzia sikioni likapotelea ndani ya kola. Aliuliza kwa Kinyarwanda, nami nilimwelewa kabla Mama hajanitafsiria. Alitaka kujua "mama" kwa Kiingereza anaitwaje.

Nikamgeukia Mama.

"Mwambie," alisema hatimaye. "Ameuliza."

Nikalisema, nikaliandika ubaoni. Mara mikono mingine ikainuka. Mmoja alitaka bibi. Mwingine alitaka mdogo wake, yule anayebebwa mgongoni, akauliza kama Waingereza wana neno lake. Niliandika mpaka chaki ikawa kipande cha kushikiwa kwa kucha. Yule msichana akasimama bila kuitwa, akakusanya Kiingereza chote alichokuwa nacho, akasema mama yangu ni fulani, akataja jina kamili, la ubatizo na la nyumbani. Kisha akaketi.

"Amekosea?" Mama aliniuliza kwa sauti ya chini.

Wakati wa kitenzi haukuwa sahihi. Tulikuwa tumeupanga ule wa "alikuwa" mwaka unaofuata.

"Hapana, Mama. Hajakosea."

Somo liliisha bila kengele, maana kengele ilikuwa imeibwa. Mwalimu mkuu aliyaona maneno mapya ubaoni akasema afadhali, alikuwa ameshangaa kuona orodha isiyo na wazazi.

Jioni nilitembea na Mama kuelekea mtaa wa Gisimenti. Baa mbili zilishafunguliwa, na muziki ulikuwa mkubwa kuliko watu waliokuwemo. Alisimama kando ya barabara, mkoba kifuani.

"Mwana wangu," alisema, "unisomeshe na mimi hiyo Kiingereza."

"Kwa ajili ya kazi, Mama?"

"Kifaransa yangu yote nilisomesha watoto ambao hawako. Nikiisema, nasikia wao wanaitikia."

Nilimfundisha mpaka nilipohamishwa, kila siku baada ya watoto kwenda. Alijifunza polepole, kwa hasira, na matamshi hayakumkaa kamwe. Msichana mwenye kovu alichukuliwa na shangazi yake kwenda Butare kabla ya Krismasi. Alikuja kuaga asubuhi, akiwa amevaa viatu vya mtu mzima. Mama alimfunga kamba za viatu vizuri, akamwambia kwaheri kwa Kiingereza.