Nyumba Iliyoipa Lami Kisogo

Enzi zetu, kuzaliwa kando ya barabara kuu kilikuwa cheo. Sisi wa upande wa Muleba tuliokaa kwenye ile kona, kutoka kanisani hadi darajani, tuliwadharau wenzetu wa bondeni kana kwamba barabara tumeichimba wenyewe. Basi la Bukoba likija tuliacha ndizi zinaungua jikoni, tukakimbia kulipungia, tukarudi na vumbi hadi kwenye kope. Senene, wale panzi wa kukaanga tuliotumwa kuwauzia abiria, tulikuwa tumeshawala nusu. Fimbo ya mama ilitungoja mlangoni.

Baba yetu, Tata, ndiye aliyezidi. Aliijenga nyumba ikatazama barabara, na kila mpita njia aliyesimama kumwamkia alipewa punje za kahawa ya kutafuna. Akiwa barazani alijua nani kanunua baiskeli na mke wa nani karudi kwao.

Kisha wakaja wahandisi, wakainyoosha barabara, lami ikapita nyuma ya nyumba yetu. Abiria wakawa wanatazama choo. Tulimsihi Tata atoboe mlango mkubwa upande ule.

"Nigeuke mimi kwa ajili ya lami?" akafoka. "Hata nikifa nitatokea mbele. Sitatupwa nyuma kama maganda ya ndizi!"

Serikali iliifuta ile kona, Tata hakuifuta. Aliendelea kukaa barazani na kahawa yake, akitazama mbuzi, nyasi, na migomba ya jirani ikisogea hadi katikati ya njia. Nilimcheka sana. Sasa naona aibu.

Mwaka jana alifariki. Asubuhi ya kumpeleka kanisani, vijana wetu walichungulia simu zao, wakatangaza kwamba mbele ya nyumba hakuna njia, gari lipo nyuma, ni dakika mbili tu. Hao wakiambiwa na simu kwamba hawana pua, watajipapasa. Sisi wazee tukashika mapanga. Jirani mwenye migomba alitutazama, kisha akaukata mgomba wake wa kwanza mwenyewe, mkungu ukiwa bado mchanga. Tukafyeka hadi kanisani, vijana wakalitoa jeneza kwa mlango wa mbele.

Siku hizi lami inakufikisha mjini hujamaliza kutafuna kahawa, na hakuna mtoto anayekupungia. Barabara yetu ilipitisha msafiri mmoja tu mwaka ule mzima. Tulisimama kando yake, watu wazima wenye mvi, tukampungia mpaka akapita kona.