Wiki Niliyoifungia Ingobyi

Shule niliiacha darasa la nne, na siombi pole. Nilianza na baiskeli ya kuazima, napakia ndizi Ntobeye napeleka sokoni Mugoma, nikipanda vilima naisukuma kwa kifua. Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, duka, ghala lenye mlango wa chuma, na pikapu ambayo siyo ya mkopo. Waliomaliza shule wananipigia simu kuomba lifti. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba anayeandika siyo mtu wa kupuuzwa, maana kuna kikundi cha watu ishirini na kitu, wengi wao wavaa kandambili, ambao kila Jumamosi wanapita mlangoni kwangu kama wanapita ukuta.

Kikundi ni cha kusaidiana, cha kitongoji chetu. Jumamosi asubuhi tunaanza na kazi ya mikono: kuzibua chemchemi, kufukia mashimo ya barabara, kupalilia shamba la mtu aliyelazwa. Kisha tunakaa kwenye magogo ndani ya darasa la zamani la kigango. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa katekista, anafungua kwa sala, halafu anauliza nani anaumwa, nani kajifungua, nani kafiwa. Mwishoni kinaletwa chungu cha pombe ya ndizi, tunakizunguka kila mtu na mrija wake. Aliyechelewa, adhabu yake ni kuteka maji ya wote.

Mimi nilijiunga nimechelewa, tena kwa kusukumwa na mama yangu. Nilikuwa nasema mtu mwenye gari hana haja ya vikundi. Mama, ambaye ninakaa naye, akaniambia: "Siku yangu ikifika nataka nibebwe na watu, siyo na matairi. Na bega lako liwemo."

Kubebwa anakosema ni kwenye ingobyi, yaani machela yetu ya kusuka kwa mianzi na kamba, yenye miti miwili mirefu inayokaa mabegani mwa watu wanne. Kwenye vilima vyetu hakuna kijiji kisichokuwa nayo. Ya kwetu haina nyumba. Kila Jumamosi baada ya kikao inahamia kwa mwanachama mwingine, inakaa naye wiki moja, na huyo ndiye anayeita wabebaji kukitokea shida. Inaning'inizwa nje, chini ya upenu, karibu na mlango. Anayeihitaji anaitungua na kuondoka. Hodi haipigwi.

Hilo la hodi niliambiwa. Sitasema sikuambiwa.

Ilipofika zamu yangu ya kwanza niliichukua kwa furaha kuliko mtu yeyote kabla yangu. Niliisugua kwa sabuni, nikaikausha, nikanunua kamba mpya za katani na kubadilisha zote zilizolegea. Nani mwingine aliwahi kufanya hivyo? Hayupo. Nikaitazama ilivyopendeza, nikawaza mvua, nikawaza mbuzi wa jirani wanaotafuna kila kitu, nikawaza wezi. Nikaiweka ghalani, juu ya mifuko ya saruji, nikafunga kufuli kubwa nililolinunua Mwanza. Niliona nawaheshimu. Kwangu mimi kitu cha thamani kinafungiwa. Ndivyo nilivyojenga kila nilicho nacho.

Jumatano alfajiri nikaondoka na pikapu kwenda Biharamulo kufuata maharage. Funguo zilikuwa kwenye mkanda wangu, mahali zinapokaa siku zote.

Nikiwa pale napatana bei, simu ikaita. Nikaona jina la mwenyekiti. Nikadhani ananikumbusha kazi ya Jumamosi, au anataka gari la kubebea mawe, maana wakiniona walikuwa wanaona gari. Nikaiacha ikaita. Ikaita tena. Nikaizima sauti, nikaiweka mfukoni, nikaendelea na maharage yangu. Niliyapata kwa bei nzuri sana, na nilirudi nikipiga mluzi.

Mke wa mwanachama mmoja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Kwake ni bondeni, pikipiki haifiki, na hata ingefika mama yule asingeweza kukaa. Mume alikuja kwangu mbio, akatazama chini ya upenu, hakuna kitu. Mke wangu alikuwa shambani. Mama yangu, ambaye macho yake yamefifia, ndiye aliyemwambia ilipo na kumwambia avunje. Walikuja wengine watatu. Walipiga kufuli kwa jembe, kwa shoka, kwa jiwe la kusagia la mama. Mlango wangu haukufunguka. Fundi aliyeuchomelea nilimsifia mji mzima, na alistahili.

Wakaenda kumbeba kwa blanketi lililofungwa kwenye miti miwili. Njiani fundo likaachia mara mbili, wakamshusha mara mbili. Zahanati walifika wamechelewa. Mwanamke alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Niliikuta habari hiyo nyumbani kabla sijashusha gunia la kwanza. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ghala, mkono wake unapapasa vile vibonyeo vya shoka mlangoni.

Tulizika kesho yake. Jumamosi nilikwenda kikaoni nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu yangu, nimeyapanga. Mwenyekiti akafungua kwa sala, akauliza nani anaumwa, nani kafiwa, akatoa pole kwa yule mfiwa, akapanga kazi ya wiki inayofuata. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama nikasema kwamba nilikuwa nailinda isiharibike, na kwamba zile kamba mpya ni zangu.

Yule Msukuma akainua macho kwenye mrija.

"Tajiri," akasema polepole, "ile siyo saruji."

Kikao kikaishia hapo. Kufukuzwa nisingefukuzwa, maana katiba ya kikundi haina ukurasa wa kufukuza. Lakini zamu ilipozunguka ikanifikia tena, mwenyekiti alimtaja jirani yangu wa kulia, na wiki iliyofuata jirani yangu wa kushoto. Nikamfuata, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama amenisahau. Akaitikia marahaba, akasema, "Zamu yako imepita, mwanangu."

Nilinunua machela ya chuma yenye magurudumu. Niliileta mwenyewe kikaoni, imefungwa karatasi. Walishukuru kwa makofi. Iko ofisi ya kijiji mpaka leo, mtendaji anawekea mafaili. Kwenye vilima vyetu magurudumu ni ya nini? Hilo nilipaswa kulijua mimi kuliko wote, mimi niliyesukuma baiskeli.

Masika haya mama alianguka uani, nyonga ikavunjika. Maji yalikuwa yamekata kalavati, pikapu imesimama uani kama kabati. Nilimpigia mwenyekiti, nikijua kwamba mimi, nilipopigiwa, sikupokea. Alipokea mlio wa kwanza. Kabla sijamaliza kumfunika mama khanga, walishajaa uani, ingobyi mabegani, na zile kamba zangu bado ni imara. Yule Msukuma alikuwa wa kwanza kuingia. Alimwinua mama kama anainua yai.

Nikainama kushika mti. Akaniwekea mkono kifuani, siyo kwa nguvu.

"Acha, tajiri. Wewe shika viatu vya mama."

Nikashika viatu. Kandambili za bluu, moja imeshonwa kwa waya. Nikawafuata nyuma. Kwa desturi, kila baada ya mwendo kidogo mmoja anaita "Badili!", wanne wanatoka na wanne wanaingia, kila mwanamume aliyepo anapata bega lake. Waliita kilimani, waliita bondeni, waliita tulipovuka maji. Kila walipoita nilisogea. Hata mwalimu mgeni, aliyehamia kwetu mwezi uliopita tu, aliingia. Barabara kuu ya kwenda hospitali tulipoifikia, mimi bado nina viatu mkononi.

Naendelea kwenda kila Jumamosi. Nafika wa kwanza, na maji nateka mimi hata kama sijachelewa. Nachimba mitaro kuliko vijana. Ghala siku hizi silifungi mchana, watu wanashangaa. Ingobyi inapita barabarani mbele ya nyumba yangu, kubwa kuliko zote kitongojini, inaenda kuning'inia kwenye upenu wa nyasi.

Mama amerudi, anatembelea fimbo. Juzi, tukiwa tunaota jua, aliniuliza siku ile nilikuwa nimemshika upande gani, maana alikuwa amefumba macho kwa maumivu.

Nikamwambia kulia, kichwani.

Akanyoosha mguu wake. "Wa kulia kichwani," akasema, "alikuwa ananiimbia Kisukuma."