Ugali wa Watu Wawili

Lornah, mweka stoo wa shule yetu ya bweni hapa Mamboleo, ukimwona hutadhani ni mpatanishi. Ukimwomba chumvi anakuangalia kama mwizi. Lakini walinzi wakikosana, wapishi wakigombana, mwalimu mkuu humtuma yeye.

Mimi ni Winny, mpishi, na hasira zangu ziko karibu, sitaficha. Miezi mitano sikumsemesha Bridget, mpishi mwenzangu. Nikimwona, moyoni nasema kikulacho ki nguoni mwako. Sasa sufuria yetu ya ugali husongwa na watu wawili wakienda pamoja, na sisi kila mtu alivuta kwake. Watoto wakala ugali mbichi katikati. Mwalimu mkuu akasema tusipopatana kufikia Ijumaa, mmoja ataenda nyumbani. Nilijua ni mimi, maana Bridget alinitangulia kazini. Nina watoto watatu. Niliogopa.

Alhamisi Lornah akatuketisha juu ya magunia ya mahindi. Sharti lake ni moja: husemi lako, unasema la mwenzako, mpaka mwenyewe akubali.

Bridget akaanza. "Winny anasema wafanyakazi wote walienda Awasi kumzika mama yake, mimi sikwenda."

"Ndiyo," nikasema.

Ikawa zamu yangu. "Anasema namdharau."

"Hapana," akasema Bridget.

"Basi anasema namwita mvivu, kwa vile anashika mwiko kwa mkono mmoja."

"Si hilo."

Nikamlalamikia Lornah. "Sasa mimi nitajuaje ya moyoni mwake?"

"Umewahi kumuuliza?" akasema Lornah.

Sikuwahi. Nikauliza, shingo upande.

"Ruhusa yako ilikuwa siku tatu, ukakaa tisa," Bridget akasema. "Zote nilisonga peke yangu. Siku ya mazishi watoto wangekula nini, dada? Na ulipochelewa, aliyekuulizia nilimwambia uko stoo. Bega langu halijapona mpaka leo. Ukarudi, hata hukunijulia hali."

Nikamgeukia Lornah. "Ulijua?"

"Nilijua. Halikuwa langu kusema."

Nililia, sioni aibu. Kisha nikalisema lile la Bridget, mwanzo hadi mwisho, mpaka akaitikia, "Ni hivyo."

Ijumaa nikamwambia ashike tu sufuria, nikasonga mwenyewe. Jioni nilishindwa kuinua mkono kufungua kitambaa cha kichwa. Na hiyo ilikuwa siku moja.